Mchi Ndani ya Shuka ya Mtoto

Tembi, Goa
Jumatatu, 1 Desemba 1986

Dada Erme,

Kaa kitako kwanza. Kama umekaa, lala, si daktari kakwambia ulale? Haya. Mtoto yuko kwetu!

Sikutanii. Jana, Jumapili ya kwanza ya Majilio, Misa ikaisha, Mzee Zeferino akatoka na zile funguo zake za kujishaua, akafungua kabati la kanisa, akamviringisha Mtoto Yesu wetu wa mbao kwenye shuka yake nyeupe, akasimama mlangoni kama anatangaza matokeo ya mtihani. Kila mtu anajua Mtoto hungojea kwa mwenye tumbo, na mwaka huu mwenye tumbo hapa mtaani ni Natalina wa fundi seremala. Natalina mwenyewe ameshakunja mikono hivi, tayari kupokea. Mara Mama akanyanyuka. Mama yetu, Erme! Mtu anayeona haya hata kukohoa kanisani!

Akasema: "Binti yangu amengoja miaka kumi na moja. Najua ameolewa Bombay, najua tumbo liko huko. Lakini alibatizwa hapa, na ubatizo haupandi basi kwenda Bombay. Naomba Mtoto angojee kwangu."

Mzee Zeferino akaanza kuguna, sijui kanuni, sijui desturi, tangu enzi za babu haijatokea. Natalina akamkata: "Mpeni Mama. Wangu atazaliwa tu, huyo ndiye wa kungojwa." Basi watu makofi! Jirani yetu Kiteria akalia, na mara ya mwisho Kiteria kulia ni nguruwe wake alipogongwa na lori.

Sheria unazijua. Shuka haifunguliwi, uso hauonwi mpaka mkesha wa Noeli, mwenye tumbo akimpeleka pangoni mbele ya watu. Mama kamlaza kwenye sanduku lake la harusi, kisha akanigeukia, "Mingu, mkono wako ukigusa hapa nitaukata niulishe samaki." Kana kwamba mimi mwizi! Jioni tunasali mbele ya sanduku. Watoto wa mtaa nao wameshaanza kuleta mabua ya mpunga ya kutandika hori, tendo jema moja, bua moja. Mmoja kaleta mabua manne kwa siku moja. Nikamwambia wewe utakuwa mfanyabiashara, njoo nikufundishe.

Mimi nyota za karatasi nimeuza mpaka vidole vimegandana kwa gundi. Tena kuna hii: ile hoteli mpya ya ufukweni wamenipa mimi kazi ya kuwajengea pango lao la Noeli! Meneja wao, Bwana Khurana, mtu wa Delhi, kasema watabandika kibao: limejengwa na Minguel wa Tembi. Jina langu zima! Mwalimu aliyenifukuza darasa la nne aje alisome. Ulezi nimeshauotesha kwenye masinia, ndio utakuwa mashamba ya Bethlehemu.

Mama anashona vishati. Tangu uandike mwezi uliopita kwamba mtoto anapiga teke, cherehani haipumziki. Mwambie huyo mpiga teke mjomba wake anamngoja na pikipiki.

Mdogo wako,
Mingu


Mazgaon, Bombay
4 Desemba 1986

Mingu,

Rufino kondakta ameniletea barua yako mpaka mlangoni. Mungu ambariki, na uwe unampa chai.

Kwa nini hamkuniuliza kwanza? Kitu kama hicho mtu anaulizwa. Mwambie Mama amrudishe Mtoto kanisani, apewe Natalina. Natalina yuko hapo, tumbo lake linaonekana, kila mtu analiona. Mimi niko mbali. Sipendi watu wavunje desturi kwa ajili yangu halafu waanze kuhesabu fadhila.

Mwambie pia aache kushona. Bombay kuna maduka. Macho yake yenyewe yale.

Noeli sitakuja, daktari hataki nipande basi. Mume wangu bado yuko baharini, barua yake ya mwisho ilitoka bandari ya huko Ulaya. Mama mkwe anawasalimu.

Mambo ya teke usiniandikie tena. Sipendi utani huo.

Dada yako,
Ermelina


Tembi
Jumapili, 7 Desemba

Dada wa hasira,

Nimesikia kwamba mimba inabadilisha tabia, sasa nimeamini. Barua gani ile? Kama ya polisi! Nilipomsomea Mama nikaipunguza makali. Pale pa kumrudisha Mtoto nikaparuka, nikasoma "Dada anashukuru sana". Mama akabusu karatasi. Sasa niende nikamwambie nini? Natalina mwenyewe kila jioni anakuja kusali hapa na tumbo lake mbele kama ngoma. Tulia. Haya ya nini? Ukipewa, pokea.

Sasa nikupe siri, lakini Mama asijue, maana ataniua na Padri atamshikia kisu.

Pango la hoteli limependeza mpaka mimi mwenyewe nimeogopa. Mlima wa magunia, mto wa kioo, ulezi umeota kijani. Mariamu na Yosefu nimewakodi kwa yule mchonga sanamu wa mjini. Hori nimeliacha tupu, kama inavyotakiwa. Bwana Khurana akaja, akazunguka, akachungulia horini, akaniuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Nikamwambia, "Hajazaliwa."

"Anazaliwa lini?"

"Tarehe ishirini na nne usiku, bosi, kama kila mwaka."

Akasema, "Wageni wangu wengi wanaondoka tarehe ishirini. Wamelipa waone Noeli. Hapa wanaona banda la ng'ombe." Halafu akatoa maneno yaliyonichoma: basi kibao hakibandikwi, pango si kamili.

Kibao changu, Erme.

Niliwaza kununua Mtoto wa plasta mjini. Wale wana mashavu mekundu kama walevi. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba tunaye wa mbao, mzuri, mzee kuliko Padri, amelala sandukuni hana kazi mpaka mwisho wa mwezi. Nikajiambia, si anangoja tu? Kungoja kote ni kungoja. Angojee kule kwenye hewa ya bahari.

Alhamisi Mama alipokwenda sokoni nikamtoa. Sasa ndani ya shuka niweke nini? Kitu cha urefu uleule, uzito uleule. Nikaona mchi wa jiwe letu la kusagia viungo. Nikauviringisha vizuri, ukalala kama malaika.

Shida ni moja tu. Mama ametafuta mchi wake siku tatu, amegeuza jiko juu chini, amemshuku Kiteria. Sasa anaazima wa Kiteria na anasaga kila punje ya pilipili kwa chuki kama ni jino la adui. Jana jioni tunasali, akanusa sanduku, akasema, "Mingu, husikii harufu ya pilipili?" Nikamwambia ni utakatifu, Mama, utakatifu wa kale unanukia hivyo.

Usinune. Wageni wakiondoka tarehe ishirini, siku hiyohiyo Mtoto anarudi sandukuni, mchi unarudi jikoni, na hakuna aliyepoteza kitu.

Wako na kibao chake,
Mingu


Mazgaon
10 Desemba

Mingu,

Mrudishe leo. Si tarehe ishirini. Leo, ukimaliza kusoma mstari huu.

Watoto wanaleta mabua, wanasali mbele ya mchi wa pilipili. Natalina mjamzito anapiga magoti mbele ya mchi. Mama anaimbia mchi. Umeona ni kichekesho, mimi sijacheka.

Halafu nikakaa nikajiona sina haki hata ya kukugombeza. Usiniulize kwa nini. Mrudishe tu, funga shuka vizuri, na usimwambie mtu yeyote, na mimi sitamwambia mtu.

Mwambie Mama nampenda. Hilo usilipunguze wala usiliongeze.

E.


Tembi
Jumatatu, 15 Desemba

Dada Erme,

Barua yako niliipata Ijumaa. Nikasema Jumatatu nitamrudisha, kwa sababu Jumapili Bwana Khurana alikuwa na sherehe yake ya chai na kibao kilikuwa kinabandikwa. Leo ndiyo Jumatatu.

Kumbe Bwana Khurana alikuwa amemwalika Padri aje abariki pango. Hakuniambia, eti alitaka kunishtua nifurahi. Nimesimama pale na shati langu la harusi za watu, naona gari linaingia, anashuka Padri, anashuka Mzee Zeferino, wanashuka waimbaji wote wa Tembi. Nilitaka kujificha nyuma ya ng'ombe wa plasta.

Padri alikuja anatabasamu, kitabu mkononi. Akafika horini, tabasamu likabaki usoni lakini yeye mwenyewe hakuwemo tena.

"Huyu nani?"

Bwana Khurana akadakia, "Wa kale huyo, Padri! Fundi wetu Minguel kamtoa kwao!"

Mzee Zeferino akainama. Akatazama mguu. Unajua kile kidole ambacho hakipo. Akasema, "Kidole hiki nilikivunja mimi, nikiwa bado natumikia altareni. Nilichapwa kwa ajili yake." Hakupaza sauti. Akanigeukia na macho yale mekundu. "Mingu, mama yako kule nyumbani anamwimbia nani?"

Erme, nilitafuta utani. Maisha yangu yote utani haujawahi kunikosa, hata nilipoanguka na pikipiki mbele ya polisi. Safari hii ulinikosa.

Bwana Khurana akasema, "Sasa kosa liko wapi? Mtoto ni Mtoto. Kumficha mwezi mzima ndio inasaidia nini?" Na waimbaji wote wakanitazama mimi, kwa sababu waliniona mimi ndiye niliyemfundisha kusema hivyo. Na kweli, ni mimi, tangu siku nilipomlaza horini.

Kulikuwa na karatasi za kung'aa shingoni mwake, na mgeni mmoja alikuwa ameegesha glasi ya bia karibu na kichwa chake. Padri aliitoa ile glasi. Akavua shingoni stola yake ya zambarau, akamviringisha Mtoto, akamkumbatia, akarudi garini. Hakubariki kitu.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mama alikuwa amekaa mbele ya sanduku, shuka imefunguliwa, mchi uko mapajani mwake. Mlangoni watoto wameshika mabua yao. Mmoja akauliza, "Mtoto amegeuka jiwe?"

Mama hakunipiga. Hakunitukana. Aliuinua mchi, akauweka juu kabisa ya kabati la jikoni, akachukua bakuli akaenda kwa Kiteria kusaga kwa mchi wa kuazima. Mpaka sasa hajaniambia neno. Chakula ananiwekea.

Lakini hilo ninaweza kulibeba. Lile nisiloweza ni alilosema Kiteria, na ukuta ule mwembamba Mama alisikia: "Mtoto anayengojewa akifunuliwa kabla ya siku yake, basi hata yule wa tumboni..." Hakumalizia. Mama alishika ukuta.

Ni maneno ya Kiteria tu, najua, yule hata mvua ikinyesha anajua nani kasababisha. Lakini niandikie mstari mmoja. Usinisamehe, sijaomba hilo. Andika tu kwamba tumbo lipo, mtoto yupo. Mpe Rufino, nitamngoja kituoni.

Mingu


Mazgaon, Bombay
15 Desemba 1986

Kwa mkwe wangu, Mama Ermelina, huko Tembi,

Naandika mimi Leokadia, mama wa mume wa binti yako. Najua husomi, mwanao atakusomea.

Ermelina aliniomba nisiandike, na nimemheshimu kadiri nilivyoweza. Lakini jana walikuja watu wa mtaa wenu wanaofanya kazi hapa Bombay, wameleta vitumbua vyao vya Noeli kumpongeza, wakamkuta kibarazani anafua mashuka, amefunga khanga kiunoni, na macho wanayo. Waliweka sahani wakaaga. Sitaki iende kusemwa huko kwamba nyumba yangu inaficha mambo.

Mtoto hayupo tena, mkwe wangu. Mimba ilitoka. Tulimpeleka hospitali, alitunzwa vizuri, mwili wake ni mzima. Hali chakula sawasawa na hazungumzi. Mwanangu bado yuko baharini na hajaambiwa.

Noeli hataweza kuja. Mwombeeni.

Leokadia


Tembi
Jumatano, 17 Desemba

Erme,

Mama mkwe wako ameandika. Rufino alinipa kituoni, nikadhani ni ule mstari wako. Kawaida yangu huangalia mbele kwanza, safari hii nilimsomea Mama moja kwa moja, nikafika pale kwenye "hayupo" nikiwa nimeshalitamka.

Mama aliingia chumbani akafunga mlango. Cherehani haijalia tangu jana.

Nimehesabu hesabu yangu ya darasa la nne na inatoka ileile kila mara. Nilimtoa Mtoto, na wako akatoka. Padri nimemwendea, akasema Mungu hafanyi biashara ya namna hiyo. Padri anasema vizuri, lakini yeye hana dada.

Umeniambia nimrudishe siku ileile. Nilimwacha kwa ajili ya ubao wenye jina langu.

Jumapili baada ya Misa nitasimama mbele ya watu wote niseme kwamba ni mimi. Wanasema tayari, lakini pembeni, na Mama akipita wananyamaza, na kunyamaza kule kunamchoma yeye badala yangu. Nikishasema, nitaondoka. Kuna mtu wa mtaa wa pili anatafutiwa kazi melini, nitakwenda naye. Mama hatalazimika kumwekea chakula mtu asiyezungumza naye.

Sikuombi kitu. Nilikuwa nakuandikia mambo ya teke na wewe unasoma.

Mingu


Mazgaon
Ijumaa, 19 Desemba

Mingu,

Usiende popote. Usitie nguo hata moja kwenye begi. Soma mpaka mwisho, halafu msomee Mama. Usiruke, usipunguze makali.

Mama. Mimba iliharibika wiki ya Siku ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba. Mlipompokea Mtoto Jumapili ile, mimi nilikuwa mtupu karibu mwezi mzima. Mingu hakuua kitu. Hata kama angemtupa Mtoto baharini, tumboni hakukuwa na mtu wa kuumia.

Ile barua niliyoandika kwamba anapiga teke, niliiandika kutoka hospitali, siku ya pili yake. Nilikuwa na barua ya Mama mkononi, kwa mwandiko wa Mingu, anauliza, "Ameanza kucheza?" Nikajibu anapiga teke. Nilidhani nitasema baadaye kidogo. Nikaona utamu ule wa kuwa mtu anayengojwa, nikataka nikae nao wiki moja. Halafu wiki nyingine. Nyote mlikuwa mkinifurahia, na miaka kumi na moja hakuna aliyenifurahia, walinihurumia tu. Kisha Mingu akaandika kwamba Mama alisimama kanisani kwa ajili yangu. Mama ambaye hawezi kukohoa. Hapo nikashindwa kabisa.

Nilijaribu kusema mrudisheni Mtoto. Nilisema ni desturi, nikasema ni fadhila, nikasema kila kitu isipokuwa kweli. Nikampokonya Natalina zamu yake, yeye mwenye tumbo halisi, nikawaacha watoto wafanye mema kwa ajili ya tumbo lisilokuwepo. Mingu aliweka mchi ndani ya shuka. Mimi niliweka uongo, na wangu ulitangulia.

Barua yako ya Jumatatu ilinifikia Jumanne. Ningeweza kukujibu siku ileile, "Si wewe." Nilikaa nayo. Nilikuwa bado natafuta njia ya kukuokoa wewe bila kujitaja mimi. Siku tatu nilikuacha uamini umemuua mtoto wangu, kwa sababu niliona haya. Hilo sijui nitalisemaje nikikuona.

Mama akikubali, Jumapili isome mbele ya watu. Yote. Na Natalina ampeleke Mtoto pangoni.

Mama, alikuwa wa kike. Waliniuliza jina la kuandika. Nilitaja lako.

Ermelina


Tembi
Ijumaa, 26 Desemba

Dada Erme,

Nimechelewa kuandika kwa sababu sijui kuandika barua isiyo na utani, na kila nikianza unanitoka. Leo nimeamua utakaonitoka utoke.

Nilimsomea Mama jikoni. Nilipofika pale ulipokuwa mtupu, akasema, "Soma tena." Nikasoma. Nilipofika kwenye jina, hakusema soma tena. Alisogeza kuni motoni. Halafu akasema, si kwangu, kwa jiko, "Kwa hiyo mwanangu amezika peke yake." Kisha akaniashiria kwa kidevu kwamba ndiyo, isomwe.

Jumapili nikasimama. Nilisema yangu kwanza, maana yangu yalikuwa mafupi na hayana utetezi. Halafu nikasoma yako. Mama alikuwa ameketi mbele, mgongo umenyooka, lakini masikio yake, Erme, masikio yake kwa nyuma yalikuwa mekundu.

Kiteria akainuka. "Mimi nauliza tu. Mabua yote yale tulimwekea nani? Tumbo halikuwepo, Mtoto hakuwepo!"

Na swali ni la haki. Padri mwenyewe alitazama viatu vyake. Nilitamani sakafu inimeze na kitabu cha nyimbo.

Natalina akajibu kutoka kule nyuma, hata hakusimama, kusimama sasa kwake ni safari. "Kiteria, mimi nilimfulia mama mkwe wangu wiki nzima ili nipate bua moja. Nilifua kweli. Nguo zilitakata kweli. Muulize mwenyewe."

Mama mkwe wake akasema, "Zilitakata. Nilishangaa." Watu wakacheka, kicheko kile cha kukabwa, cha watu wanaojua wako kanisani.

Usidhani mambo yameisha vizuri. Kiteria bado hatusemeshi, ila mchi wake anamwazima Mama bila neno, anaupitisha dirishani. Mzee Zeferino amesema mwaka ujao sitagusa pango la mtaa, hata kubeba gunia. Mkesha nilipangiwa nje, kuchunga pikipiki za watu, na hata huko mmoja aliniuliza kama yake nimeipeleka hotelini. Nilistahili. Kibao nilikwenda kukitoa mwenyewe. Sasa kinafunika mtungi wa maji, jina chini.

Nitakalokueleza nililiona kutoka mlangoni, ndipo nilipokuwa.

Padri alimleta Mtoto nyumbani kwetu jioni, atoke kwetu kama ilivyopangwa, kwa sababu mabua yalikuwa kwetu. Akaomba ile shuka nyeupe. Mama akaileta. Padri akaifunua, akapiga chafya, akapiga nyingine. Mzee Zeferino akapiga chafya. Pilipili, Erme! Imefuliwa mara tatu! Wakaanza kuulizana watamvika nini, mmoja akasema taulo. Mama akaingia chumbani. Akatoka na shati. Lile la kwanza alilomshonea wako, lenye uzi wa bluu shingoni. Akamvisha Mtoto mwenyewe, taratibu, mkono mmoja, mkono wa pili, kama unavyomvisha mtu anayeweza kuamka. Lilimkaa. Likampita kidogo mikononi, akamkunjia.

Natalina akambeba. Mama alitembea kando yake mkono mtupu, na akapita mbele ya nyumba zote za Tembi, akiwatazama watu machoni. Mimi sikuweza hilo. Nilijificha nyuma ya pikipiki.

Horini waliweka mabua yote. Kulikuwa na moja la ziada, Mzee Zeferino akauliza la nani. Nilikuwa nimempa mtoto mmoja aliingize. Ni lako, kwa ajili ya kile ulichoniruhusu nisome. Langu sikuweka.

Sasa la leo. Tangu Jumapili ile ya hoteli, ukiacha lile la soma tena, Mama hajaniambia neno. Jana Noeli nzima tumekula nguruwe tunatazamana kama picha. Leo asubuhi niko uani nasikia, "Mingu." Nikadhani ni mtu mwingine ana sauti kama yake.

"Mingu, nishushie mchi wetu."

Nikapanda kiti, nikaushusha, nikauosha mara mbili, nikampa kwa mikono miwili. Akaanza kusaga. Viungo vya samaki, vile vya nazi. Nikamuuliza, kwa woga, "Mama, samaki yuko wapi? Nyama ya jana bado ipo."

Hakuinua uso. "Erme hapendi nguruwe wa siku ya pili. Basi la Rufino linafika Jumatatu."

Dada, mimi nimepekua barua zako zote na hakuna mahali uliposema unakuja. Mama mkwe wako ameandika huji. Nilitaka kumwambia. Nilisimama pale na kitambaa mkononi nikatafuta maneno, lakini jiwe lilikuwa linasaga, na ameshatoa mkeka wako nje upate jua, na mimi ndiye mtu wa mwisho hapa Tembi mwenye haki ya kumwambia mtu asingoje.

Kwa hiyo sijamwambia. Ikifika Jumatatu nitakuwa kituoni na pikipiki.

Mdogo wako,
Mingu